Kurasa Mbili Nilizozigandisha

Manundu, Korogwe
Jumapili, alasiri

Mwanangu Zuhura,

Zile kurasa mbili za katikati kwenye daftari langu la Uchumi hazikugandana kwa chai. Juzi uliponiuliza nilikwambia chai ilimwagika, ukaniamini, ukaendelea kulivalisha jalada la karatasi ya kalenda. Nilizigandisha mwenyewe kwa gundi, nikiwa nimekaa kwenye kitanda changu bwenini, wiki mbili kabla ya mtihani wa taifa, na nilijua kwa nini nafanya hivyo. Hakuna mtu niliyewahi kumwambia. Bibi yako hajui. Rehema, ambaye ndiye aliyepaswa kujua kabla ya wote, hajui.

Nimeanza na "mwanangu" na najua unacheka. Tumepishana miaka miwili, na jina la Mamdogo umekuwa ukilitumia pale tu unapotaka nikuazime sketi. Lakini siku mama yako alipokuleta kutoka Handeni kuanza kidato cha kwanza, alikuweka mbele yangu hapa uani, watu wakisikia, akasema, "Mwanaidi, huyu ni mwanao, si mwenzio." Nilikuwa kidato cha tatu. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nilichukua begi lako nikaliingiza ndani ili nisiendelee kutazamwa, na nikakaa humo humo chumbani mpaka mama yako akaondoka bila kuniaga. Tangu siku ile sijawahi kukwambia neno la mama kwa mwana. Nalisema leo, kwenye karatasi, kwa sababu uso kwa uso nisingeliweza.

Umeenda sokoni na Bibi kununua kufuli la tranka. Ya kufuli, ya ndoo kuandikwa jina, ya kutoazima kandambili, Bibi ameshayasema mara nne na kesho stendi atayasema mara ya tano, kwa hiyo mimi nayaacha. Nataka kukueleza habari ya daftari, maana unakwenda nalo shule ile ile, kusoma mchepuo ule ule, na nisipokueleza utakwenda kuwafundisha wenzako kosa langu.

Unajua tulivyokuwa tunasoma. Wakati tunaingia kidato cha tano mwalimu wa Uchumi alikuwepo mmoja, na muhula wa pili alihamishwa. Mwalimu wa taaluma akatukusanya, akasema mwingine ameombwa ila hajui atakuja lini, hivyo tujigawie mada. Kila mada iwe na mwenyewe. Mwenye mada anaisoma maktaba, anaandika notisi, kisha siku ya diskasheni anasimama mbele na kuwafundisha wengine. Utaratibu huo mtaukuta. Ni mzuri kuliko kukaa bure, silaumu utaratibu. Ila una kanuni moja ambayo wasichana waliiongeza wenyewe: mwenye mada habishiwi. Tulikuwa arobaini na kitu darasani na kipindi ni kifupi, kila mtu akibisha mada haiishi. Mwenye mada akimaliza mnakopi, mnaenda kula.

Mimi nilipewa maikro, ule upande wa Uchumi unaomtazama mnunuzi mmoja, kampuni moja, bei ya kitu kimoja. Sikuiomba. Ilibaki mwisho kwa sababu ina michoro mingi na watu waliiogopa, na mimi sikuwa nimenyoosha mkono kuomba chochote. Nilipoambiwa nitasimama mbele ya darasa nililala na homa siku mbili. Siku ya tatu nikagundua kwamba mada yenye michoro ina baraka yake. Mtu anayechora ubaoni ana haki ya kugeuka. Nikasimama nikiwapa mgongo, nikaanza kuchora na kuongea na ubao, na sauti ikatoka. Nikafundisha dakika arobaini bila kumwona mtu hata mmoja. Nilipomaliza walipiga makofi, na kuna aliyesema nyuma kule, "Huyu mgongo wake unafundisha kuliko nyuso za wengine." Nikaitwa Mwalimu Mgongo. Jina hilo walilitoa kwa mapenzi, nami nililipenda kuliko ninavyoweza kukueleza. Shule ya msingi na sekondari nzima sikuwahi kuwa mtu wa jina. Nilikuwa "yule mwembamba wa dawati la dirishani". Sasa hata wa kidato cha sita walikuwa wananisimamisha njiani kuniuliza unyumbufu wa mahitaji unakokotolewaje.

Rehema unamjua, amelala hapa kwetu likizo mbili. Huyo ndiye mtu wa kwanza niliyezoea kuongea naye bila kuangalia chini. Kitanda chake kilikuwa juu ya changu. Baba yake ni mkata mkonge Mazinde, mama yake anaanika singa, zile nyuzi za mkonge, na Rehema mwenyewe tangu mdogo amekuwa akiingia shambani na kutoka. Historia aliiweza kama hadithi. Uchumi ulimsumbua, na alikuwa akisoma kwa kunisikiliza mimi. Anafunga macho, mimi naeleza, yeye anarudia.

Nilipofika kwenye sehemu ya kampuni inayopata hasara, nilikwenda maktaba kuchukua kitabu chetu. Kilikuwa kimoja. Nikakuta ukurasa ninaoutaka umechanwa. Kuna mtu wa miaka ya nyuma aliutaka kuliko sisi. Ukurasa wa kabla ulikuwa umeishia na swali: bei ikishuka chini ya gharama ya wastani, je, kampuni ifanye nini? Ukurasa wa baada ulikuwa umeshahamia mada nyingine.

Sasa mwanangu, hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na hapa palikuwa bado padogo. Ningeweza kuandika kwenye daftari: ukurasa huu haupo, sijui jibu. Lakini Mwalimu Mgongo hakuwahi kusema sijui. Nikakaa nikafikiri, nikajiambia jambo lenyewe liko wazi, mtu anayepata hasara anafunga, nani anaendelea na hasara? Nikaliandika jibu hilo kwa kalamu nyekundu, nikalizungushia kisanduku kwa rula. Likapendeza. Kitu kilichozungushiwa kisanduku chekundu huwa hakionekani kama kimebuniwa mezani na msichana wa kidato cha tano.

Nikalifundisha. Nikiwa nimewapa mgongo, nikasikia sauti ya Rehema. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuvunja ile kanuni. Aliuliza kwa utaratibu kabisa kwamba mbona shamba la kwao halifungi. Akaeleza kuna miaka bei ya mkonge ilianguka, meneja akawakusanya wafanyakazi akawaambia shamba linakula hasara, na bado kesho yake korona, ile mashine ya kuchuna majani ya mkonge kuwa nyuzi, ikawashwa, baba yake akaenda kukata kama kawaida, na singa zikaanikwa. Kama anayepata hasara anafunga, wale walikuwa wanafanya nini?

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Nilijua nikigeuka watauona uso wangu. Sikugeuka. Nikasema nikiwa naendelea kuchora:

"Rehema, mtihani hausahihishwi Mazinde."

Darasa zima lilicheka. Na Rehema alicheka, nilimsikia. Kuanzia siku hiyo mtu akileta mfano wa nyumbani kwao anaambiwa, "Hiyo ya Mazinde hiyo, iache." Wakawa wanasema hata kwenye bwalo la chakula, mtu akidai kwao maharage yanapikwa hivi au vile. Ikawa utani wa mwaka. Rehema mwenyewe akawa anautumia kujitania. Lakini hakuuliza tena swali darasani, si kwangu wala kwa mwenye mada mwingine yeyote. Kwa muda mrefu sikuliona hilo. Nilidhani ameelewa.

Mwaka ukapita hivyo. Tukaingia kidato cha sita, akaja mwalimu wa muda, akakaa muhula mmoja akifundisha mada za upande wa pili, maikro akasema tumeshamaliza, anaona madaftari yetu ni safi. Kweli yalikuwa safi. Kidato cha tano walikopi kutoka kwangu, kisanduku chekundu na vyote.

Unakumbuka nilivyokuja nyumbani na jino, wiki mbili kabla ya mtihani? Nilipewa ruhusa ya siku tatu kuja kung'oa. Siku ya pili shavu limevimba, nimekaa barazani napitia daftari, Madam Joyce yule mpangaji wa chumba cha uani akakaa karibu yangu akiwa na sahani yake ya mihogo. Wewe siku hiyo ulikuwa umekwenda kwa mama yako. Madam anafundisha Uchumi shule nyingine hapa mjini, lakini nilikuwa naona haya hata kumsalimia, sembuse kumwomba msaada. Akaomba aone daftari. Akalipitia, akasifu michoro. Kisha akafika kwenye kisanduku. Akaniuliza hili nimelitoa wapi. Nikasema kitabuni. Uongo ulitoka mwepesi tu.

Hakunigombeza. Alimwita Bibi yako, aliyekuwa anaosha karai la vitumbua, akamuuliza, "Mama, masika ile wateja walipokatika stendi, mbona ulikuwa unapika kila siku? Si ulisema unapata hasara?"

Bibi akamtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anapumua. "Kodi ya kibanda si nimeshatoa, Madam? Nikilala ndani itanirudia? Ninachokipata kinalipa unga, mafuta na kuni, kinabaki kidogo cha kupunguzia ile kodi. Nisipopika kodi yote imekufa. Siku kisipolipa hata unga, ndiyo nalala."

Akarudi kwenye karai lake. Madam akacheka, akatoa kalamu ya kijani kwenye mkoba, akaandika kando ya kisanduku changu sentensi tatu. Kwamba kuna gharama ambazo kampuni inazibeba izalishe isizalishe, na kuna gharama zinazokuja tu ikizalisha. Kwamba kwa kipindi kifupi, bei ikiweza kulipa zile zinazobadilika, kampuni inaendelea hata kama ina hasara, kwa sababu ikifunga hasara itakuwa kubwa zaidi. Kwamba inafunga pale tu bei inaposhindwa kulipa hata hizo. Akaniambia, "Wengi wanakosea hapa. Ukirudi wasahihishe wenzako, swali hili watunga mtihani hulipenda."

Bibi yako alikuwa analijua jibu, na hajamaliza darasa la saba. Baba yake Rehema alikuwa analijua kwa panga mkononi. Rehema alikuwa ameliona kwa macho yake na alilileta darasani, akaliweka mbele yangu, nami nikaligeuza kichekesho. Nilikaa pale barazani shavu linaniuma, na nakwambia kweli, kitu cha kwanza nilichofikiri hakikuwa Rehema. Nilifikiri: nitasimamaje mbele yao niseme nilibuni?

Kwenye gari la kurudi shuleni Handeni nilijipanga. Nitamwambia Rehema kwanza, peke yake, kisha yeye atanisaidia kuwaambia wengine. Nilipofika bwenini alinipokea begi, akaniuliza habari ya jino, akaniambia wasichana wananisubiri diskasheni ya mwisho ya maikro, wameshafuta ubao. Nikasema nitamwambia baada ya diskasheni. Baada ya diskasheni nikasema kesho. Kesho yake nilimwona anakuja kitandani kwangu kuazima daftari, na lile daftari lilikuwa na wino wa kijani usio wangu, na tarehe ambayo Madam ameiandika kama walimu wanavyoandika. Mtu yeyote angeona kwamba nimejua, na tangu lini. Nikamwambia asubiri kidogo. Nikachukua gundi ya kwenye sanduku, nikazigandisha kurasa mbili, nikampa. Naye akauliza zimefanyaje. Nikamwambia chai. Ni uongo ule ule niliokupa wewe, sikuhangaika hata kuubadilisha.

Mchana wa siku moja kabla ya karatasi ya kwanza tulikuwa tumekaa nyuma ya jiko, mahali pa kivuli, yeye amefunga macho mimi namsomea. Tulimaliza yote. Halafu akafumbua macho.

"Mwalimu, ile ya kufunga kiwanda bado hainikai. Kila nikiiandika mkono unataka kuandika ya kwetu."

Hapakuwa na darasa pale, Zuhura. Hapakuwa na wa kucheka. Tulikuwa wawili, na kuku wa mpishi. Sina hata kisingizio cha haya, maana kwake sikuwa na haya. Alikuwa ameniuliza mara ya pili lile lile swali, kwa upole, na nilikuwa na jibu kichwani, sentensi tatu. Ningetumia dakika mbili. Lakini ili niliseme ilinibidi niseme pia kwamba siku ile alikuwa sahihi, na kwamba nimelijua kwa wiki mbili, na kwamba haikuwa chai. Kila siku niliyonyamaza ilikuwa imelifanya neno kuwa refu zaidi.

Nikamwambia, "Andika kama tulivyoandika."

Akafunga macho akarudia. Anayepata hasara anafunga.

Swali lilitoka. Lilikuwa na jedwali, bei na gharama za kampuni fulani, likataka useme iendelee au ifunge na utoe sababu, na vipengele vilivyofuata vilisimama juu ya jibu hilo. Niliandika ya wino wa kijani. Niliandika kila neno, mwandiko wangu mzuri. Nilipokuwa naandika niliuona mgongo wa Rehema, alikaa mbele yangu safu ya pili, ameinama, anaandika haraka kama mtu anayejua. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa mtu anayetazama mgongo.

Nje alinishika mkono. "Ile ya kiwanda imetoka. Nimeandika neno kwa neno kama ulivyonifundisha. Nusura niandike ya Mazinde, nikakukumbuka." Alikuwa anacheka kwa furaha. Siku tulipofunga sanduku zetu kuondoka alinipa kile kikapu cha mkonge alichosuka mama yake, akasema ni cha mwalimu wake. Ndicho ulichoniomba juzi uwekee matunda, nikakunyima, ukanuna. Sikukunyima kwa uchoyo. Sijawahi kuweka kitu ndani yake.

Matokeo unayajua. Mimi mlinipigia vigelegele hapa hadi majirani wakaja. Rehema alipata C ya Historia, S ya Jiografia, S ya Uchumi. Hiyo S nayo utaijua: wanakwambia umefaulu, lakini chuo hakiihesabu. Alihitaji masomo mawili ya kuhesabika, akapata moja. Kati ya S na E inayohesabiwa na chuo pana alama chache tu. Najua swali moja halimfelishi mtu. Nimejiambia hivyo mara nyingi nikifua, nikichota maji. Inawezekana angepata S hata kama ningemwambia. Inawezekana pia lile swali na vipengele vyake ndivyo vilivyopungua. Sitajua kamwe, na nadhani kutojua ndiyo adhabu yangu.

Lakini si matokeo yaliyonifanya nikae chini kuandika. Wiki iliyopita alinipigia. Nilimwuliza kama atarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, maana kujiandikisha bado kunawezekana, na baba yake amemwambia yuko tayari. Akasema hapana. Amesema ataanza kuanika singa na mama yake. Akasema, bila uchungu, kama mtu anayetaja urefu wake: "Mwanaidi, tuache kudanganyana. Wewe ulinifundisha miaka miwili, na bado. Kichwa changu kina ya Mazinde tu."

Akakata simu. Amechukua kosa langu amelifanya akili yake. Anaamini kwamba alipoona kweli alikosea, na kwamba nilipobuni nilikuwa sahihi. Na ataishi hivyo, atamwambia mtoto wake siku moja kwamba yeye hakuwa na kichwa cha shule, na mimi nikiwa chuoni na mwandiko wangu mzuri.

Leo asubuhi mlipokuwa mmelala nilichemsha maji, nikalishika daftari juu ya mvuke, nikazibandua zile kurasa. Zimechanika kidogo pembeni na kisanduku chekundu kimeacha rangi upande wa pili, lakini wino wa kijani unasomeka. Sikukifuta kisanduku. Nimeandika chini yake: hili nililibuni, ukurasa wa kitabu haukuwepo. Na baada ya hapo nimeandika mfano wa shamba la mkonge kama Rehema alivyoueleza, na jina lake.

Ukifika utakuta kidato cha sita wana nakala za daftari hili. Utawaonea haya, ni wakubwa. Watakuita fomu faivu njuka, mgeni asiyejua kitu, na hawatataka kukusikiliza. Wafungulie ukurasa tu, wasome wenyewe. Ukiulizwa nani alikosea sema mama yako mdogo. Hilo la kukosea halina siri. Na ikitokea ukapewa mada, ukafika mahali hujui, sina la kukufundisha zaidi ya nililoshindwa. Mimi nilidhani kusema sijui kungeninyang'anya jina. Labda kungeninyang'anya. Lilikuwa jina la kwanza, ningepata lingine.

Nakuomba pia, ukisimama ubaoni, geuka mara moja moja. Wewe huna haya kama mimi, umechukua kwa mama yako, lakini ubao ni mtamu hata kwa wasio na haya. Laiti ningegeuka siku ile ningeuona uso wa Rehema wanapocheka. Nimejaribu kuufikiria ulikuwaje. Sauti yake niliisikia ikicheka, na nimekuwa nikijificha nyuma ya kicheko hicho mwaka mzima na zaidi.

Nimesikia geti, mmerudi. Bibi anakwambia kitu kuhusu funguo mbili, moja uvae shingoni. Nimalizie upesi.

Kesho saa mbili gari lako la Handeni likishatoka, sitarudi nyumbani na Bibi. Nitamwambia nakwenda kumwona Rehema, na hilo ni kweli. Nitapanda gari la Mombo, nishuke nichukue bodaboda hadi Mazinde. Kikapu nitakwenda nacho. Nitamwambia yote, pamoja na nyuma ya jiko, nikiwa nimemtazama. Huenda akanifukuza. Huenda akanyamaza, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Lakini atajua kwamba swali lake lilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na akijiandikisha au asijiandikishe, ataamua akiwa anajua hilo.

Barua hii utaikuta ndani ya daftari, kwenye zile kurasa mbili, na nakujua, utaifungua hata kabla hatujaenda stendi. Rehema atampigia Bibi asubuhi kukutakia safari njema, hajawahi kukosa. Mwambie asante tu. Utatamani kusema, kwa kuwa unampenda na kwa kuwa utakuwa umenikasirikia, na utakuwa na haki. Usiseme. Wala usimwambie mama yako, wala Bibi, wala rafiki wa kwanza utakayempata bwenini mkianza kubadilishana siri. Kwamba nilikosea, waambie wote. Kwamba nilijua na nikanyamaza, hilo lazima Rehema alisikie kutoka kinywani mwangu, lisimfikie likiwa limeshapita kwa watu watatu.

Siku ya kutembelewa na wazazi nitakuja, kwa sababu mimi ni mzazi, hata kama walinzi getini watacheka. Nitakuja na Rehema au nitakuja peke yangu, ukiniona getini utaelewa. Mpaka siku hiyo, mwanangu, nitunzie.

Mama yako mdogo,
Mwanaidi